Kinanda na ilimba ya Kigogo havipatani, tufanyeje kabla ya kurekodi?

Kamera_Dom: Wakuu, tunatengeneza filamu ya hali halisi kuhusu wanajazi wa Marekani wanaofuata mizizi ya muziki wao Afrika. Sehemu ya Tanzania tunaichukua Chamwino, Dodoma: kinanda cha umeme, saksofoni ya tenor na mzee wa ilimba (kisanduku cha mbao chenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba). Kwenye jaribio, noti ya msingi ilikaa sawa lakini nyingine ziligongana. Mpiga kinanda anataka vyuma vya ilimba visogezwe vifuate kinanda. Ni sawa? Na maiki zikae wapi?

Mtyunishaji: Msiguse vyuma! Ilimba haijakosea. Noti zake zinatokana na mlio asilia: chukua mlio mmoja wa chini, kisha noti zinazotetema mara 6, 7, 8, 9 na 10 ya kasi yake. Ukiita msingi C, unapata G, Bb, C, D na E. Hiyo ni kodi (noti zinazopigwa pamoja) ya C9 kamili, ndiyo maana masikio ya wanajazi yanaikubali papo hapo. Ila ukigawa nusu toni kwa senti 100, E ya ilimba iko chini ya ile ya kinanda kwa senti 14, Bb iko chini kwa 31, D iko juu kwa 4. Inayowatesa ni hiyo Bb.

Tena ilimba kubwa ina vyuma visivyoguswa na vidole. Vinatetema vyenyewe noti yao inapopigwa kwingine. Mkisogeza vinavyopigwa tu, hivyo vingine vinanyamaza na mlio unabaki mkavu.

Kwa hiyo pimeni C ya ilimba kwanza, mshushe au mpandishe kinanda kizima kiifikie, kisha muingie kwenye mizani ya noti mojamoja, yaani sehemu ya kinanda ya kurekebisha kila noti peke yake kwa senti: E -14, Bb -31, D +4. Kama kinanda hakina uwezo huo, mpigaji aache E na Bb, ashike C, G na D. Saksofoni haina shida, mpigaji anashusha noti kwa mdomo. Mkumbusheni tu kwamba, kwa kuwa noti za saksofoni ya tenor huitwa toni moja juu ya za kinanda, C ya ilimba kwake ni D, na ile Bb ngumu kwake ni C.

Sauti_Shambani: Maiki moja sentimita 30 juu ya vidole, nyingine upande wa tundu lililobandikwa utando wa buibui. Ule mvumo wa utando ni sehemu ya muziki. Kosa kubwa hutokea kwenye kuhariri: programu ya kuondoa kelele huudhani ni uchafu na kuula wote. Izimeni. Rekodini 48 kHz, biti 24, vilele visipite -12 dB. Maiki ya saksofoni iwe mbali na ya ilimba angalau mara tatu ya ule umbali wa sentimita 30; mita 2 ni bora. Rekodini alfajiri, upepo wa Dodoma ukishaanza hauna simile.

Mizizi: Kwenye maelezo ya filamu msiseme jazi ilitoka Ugogo. Waafrika waliopelekwa Marekani wengi walitoka Senegambia hadi Angola. Kufanana kwa Bb ile na noti za bluzi, zile zinazoshushwa kidogo, kupo na kunasikika, ila si ushahidi wa ukoo. Mkitaka chombo chenye ukoo wa karibu, fuateni akonting, chombo cha nyuzi cha Wajola kule Gambia na Senegal, inayohusishwa na banjo. Chamwino muioneshe kwa uzito wake yenyewe, na jina la mzee litokee kama mtunzi, si "mwanamuziki wa kijijini". Malipo na haki zake viandikwe kwa Kiswahili kabla kamera haijawashwa.

Kamera_Dom: Kinanda kimekubali mizani ya noti mojamoja, tumeshaingiza. Mkuu Mtyunishaji, G je?

Mtyunishaji: +2. Ukiiacha hakuna atakayesikia.