Swala aliyeoshwa akatakata, mbona nyama imechacha?

Mgeni wa Kazi:
Habari zenu wanajukwaa. Nimeajiriwa hivi karibuni katika kikosi kinachowinda kwa kibali na kuuza nyamapori. Juzi tulimpiga swala mkubwa, risasi ikapita tumboni, naye akakimbia karibu nusu saa kabla hatujamfikia. Tulipompasua tulikuta uchafu wa tumbo umetapakaa ndani, tukamwosha kwa ndoo kadhaa za maji mpaka akatakata, kisha tukamtundika kwenye chumba cha baridi akiwa bado na ngozi, amebanana na wenzake. Siku ya pili paja moja lilikuwa linanuka uchachu kwenye kiungo cha nyonga, ingawa kwa nje nyama ilikuwa nzuri. Je, maji yalikuwa machache?

Mkaguzi wa Nyama:
Ndugu, mngeyaacha kabisa hayo maji ingekuwa nafuu. Yaliondoa doa linaloonekana, lakini yalivibeba vijidudu hadi sehemu zilizokuwa safi na kuviachia unyevu wa kuzaliana. Nyama iliyoguswa na kinyesi hukatwa na kutupwa pamoja na ile ya pembeni yake, na kando ya jeraha ukate kwa ukarimu zaidi, kwa kuwa chembe za madini ya risasi husambaa mbali na tundu unaloliona. Kisu kilichochana ngozi kisiingie kwenye nyama kabla ya kusafishwa kwa maji ya nyuzi 82.

Kuhusu paja, joto la mnyama hukaa muda mrefu zaidi ndani kabisa, karibu na mfupa. Ngozi hukinga vumbi njiani, lakini pia hulifungia joto hilo, na mkiwabananisha wanyama hewa baridi haipiti. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 853 ya mwaka 2004 inataka nyama ya wanyamapori wakubwa ipozwe isizidi nyuzi 7, na ya wadogo nyuzi 4. Kipimajoto kichomekwe ndani ya paja. Kile cha ukutani kinapima hewa tu.

Mchunaji wa Siku Nyingi:
Naafiki, ila mimi naanzia kwenye ile nusu saa ya kukimbia. Mnyama aliyehangaika humaliza sukari ya akiba iliyomo kwenye misuli, kwa hiyo baada ya kufa asidi ya kutosha haipatikani: badala ya pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi inapozidi) kushuka hadi karibu 5.5, hubaki juu ya 6, na nyama huwa nyeusi, ngumu na huharibika mapema. Mpigaji asiyekuwa na hakika ya kulenga kifua au shingo aache. Na hata risasi ikikaa pazuri, fungeni umio kwa kamba, zungusheni kisu kwenye njia ya haja kubwa na kuifunga, ndipo mvute matumbo yatoke mazima.

Mkaguzi wa Nyama:
Niongeze kwamba ini, mapafu na wengu visitupwe porini kabla ya kukaguliwa, kwa sababu vivimbe vya kifua kikuu huonekana humo na kwenye tezi. Mkimkuta mnyama amekufa mwenyewe, hasa akivuja damu nyeusi isiyoganda, msimpasue kamwe. Huenda ni kimeta, ugonjwa hatari unaoambukiza hata watu. Nyama ya nguruwe mwitu nayo ipimwe minyoo ya trikinela, kwani baadhi ya aina zake hustahimili hata kugandishwa.

Mgeni wa Kazi:
Asanteni sana. Paja lile tumelitupa. La pili halina harufu; tunaweza kuliuza?

Mkaguzi wa Nyama:
Lichomeni kisu kirefu kisafi hadi kwenye kiungo, mkichomoe na kukinusa papo hapo. Kikinuka, litupeni. Hata kisiponuka, kwa mnyama aliyemwagikiwa tumbo lote kisha akaoshwa hivyo, mimi nisingeligonga muhuri.