Wakuu, naombeni ushauri: gridi za madirisha, miraba au almasi?

Ngazi_ya_Pili:
Wakuu, heshima kwenu. Wiki nzima silali vizuri kwa jambo ambalo wengine mtaliona dogo. Nabadilisha madirisha ya nyumba yangu, yote 11, na nimekwama kwenye gridi, zile fito nyembamba zinazokigawa kioo vipande vipande. Kuna miraba ya kawaida, kuna almasi za mshazari, na kuna zile zinazopita pembezoni tu na kuacha katikati wazi. Moyo wangu uko kwenye almasi, mke wangu anataka miraba. Nyumba ni ya ghorofa moja, kuta nyeupe, madirisha mapana. Nichague ipi nisije nikajuta?

Kisu_Butu:
Weka grili za nondo, mkuu. Mwizi hajali almasi wala mraba. Mimi waliingia kupitia dirisha la jikoni, wakabeba hadi pasi ikiwa bado ya moto. Tangu siku hiyo sina habari na urembo.

Ngazi_ya_Pili:
Pole sana mkuu. Ila sizungumzii nondo, hizi ni za mwonekano tu.

Mama_Wawili:
Msikilize mkeo. Mume wangu aling'ang'ania rangi ya ukuta anayoitaka yeye, mwaka wa tatu huu kila mgeni akiingia naona aibu. Nyumba ni ya wawili, kaka.

Seremala_Mzee:
Mleta uzi, nimefanya kazi hii muda mrefu, ngoja nikueleze kidogo.

Fito hizi hazikuanza kama pambo. Zamani mafundi wa vioo hawakuweza kutengeneza kioo kikubwa kilichonyooka. Walipuliza, wakakizungusha kikawa sahani, kisha wakakata vipande vidogo. Dirisha kubwa lilipatikana kwa kuunganisha vipande hivyo. Almasi unazozipenda ni za nyumba za kale za Uingereza, karne ya 16 na ya 17, vipande vidogo vilivyoshikwa kwa vipande vya madini ya risasi. Miraba ya sita juu na sita chini ikatawala karne ya 18. Vioo vilipoanza kukua katika karne ya 19, fito zikapungua, ukaanza kuona vioo viwili juu na viwili chini. Zile za pembezoni zinanasibishwa na nyumba za Prairie za Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, za msanifu majengo Frank Lloyd Wright na wenzake: paa limelala, mistari mirefu ya mlalo.

Kwa hiyo gridi inakwenda na umbo la nyumba. Almasi hupendeza kwenye dirisha jembamba na refu, chini ya paa lenye mwinuko mkali. Ukizitandaza kwenye dirisha pana, ukiwa mbali unaona wavu wa samaki. Niambie mambo matatu: vipimo, paa likoje, na upande wa mbele unatazamana au umepakana na nini?

Bado_Mpangaji:
Mzee, na mimi chumba changu kina dirisha dogo la bafuni, niweke ipi?

Seremala_Mzee:
Dogo hivyo liache bila fito, mwanangu. Utaziba mwanga bure.

Ngazi_ya_Pili:
Asante mzee wangu. Ya mbele ni mita 1.8 upana kwa 1.2 kimo. Paa limelala. Mambo ya jirani hayahusiani na hili.

Seremala_Mzee:
Sijamtaja jirani. Jirani gani?

Mama_Wawili:
Hapo sasa.

Ngazi_ya_Pili:
Sawa. Ni nyumba pacha, ukuta mmoja katikati. Nusu ni yangu, nusu ya jirani. Yake ina miraba, sita kila dirisha. Lakini nusu yangu nimeinunua mwenyewe, sioni kwa nini nifuate ya mtu mwingine.

Seremala_Mzee:
Hilo ndilo ungeanza nalo. Mtu akisimama barabarani haoni nusu yako, anaona uso mmoja. Fito zako zisipolingana na zake kwa kimo, uso wote unapinda, wa kwako na wa kwake. Halafu swali la mwisho: umeshaagiza?

Ngazi_ya_Pili:
Nimelipa nusu. Almasi, madirisha 9, zile zinazofungiwa katikati ya vioo viwili. Fundi alinishauri kwa sababu ya usafi, vumbi halishiki. Na sikukurupuka. Nilipokuwa mtoto chumba chetu kilikuwa na dirisha la almasi, asubuhi mwanga unachora sakafuni, mimi na marehemu kaka yangu tunaruka kutoka kivuli hadi kivuli. Nilijiambia nikipata nyumba nitaliweka.

Tochi_Mkononi:
Wakuu, hii ni chai. Mwanzo madirisha 11, sasa 9. Mwanzo anauliza achague ipi, kumbe kalipa. Akaunti ina siku nne. Kesho atatuletea namba ya fundi wake. Tangazo hili.

Kisu_Butu:
Nilihisi mapema. Marehemu kaka kaingizwa mwishoni tuhurumie.

Ngazi_ya_Pili:
Kaka yangu muacheni. Madirisha ni 11. Mawili ni ya vyoo, yana kioo cha ukungu, hayana gridi. Sina namba ya mtu ya kuleta hapa. Sikusema nimelipa kwa sababu nilijua mtanishangaa.

Seremala_Mzee:
Chai au si chai, swali lake ni la kweli na wengi watalipitia, kwa hiyo nalijibu. Gridi ya katikati ya vioo haing'oki. Ukiichoka, unabadilisha kioo kizima. Zile za kubandikwa nje na ndani ndizo unazoweza kuzitoa.

Kabla fundi hajakata, chukua utepe wa karatasi wa mafundi rangi, chora almasi kwenye dirisha moja la mbele, vuka barabara ulitazame. Kisha nijibu: ngazi yako ina dirisha? Kama ni jembamba na liko upande usiopakana na jirani, almasi za kaka yako ziweke hapo. Mbele fuata miraba.

Ngazi_ya_Pili:
Nimerudi. Jana jioni nilibandika utepe, nikavuka barabara. Mzee, ni wavu kweli. Jirani akatoka, akasimama pembeni yangu, akauliza utepe wa nini. Nikamweleza. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Nilikuwa naogopa kukuuliza."

Dirisha la ngazi lipo, jembamba, linapata jua la asubuhi, na fundi alikuwa ameshalikata hilo moja tu. Mengine nimemwomba asubiri hadi Jumatatu. Mke wangu bado hajui kuhusu malipo.

Mama_Wawili:
Mwambie leo, kaka. Si Jumatatu.

Seremala_Mzee:
Na miraba ya jirani ipime kwa futi, usikadirie kwa macho. Pima kimo cha kila fito kutoka kizingiti cha chini, umpelekee fundi kwenye karatasi.