Wakuu, kwa Dar hii serikali itujengee maghorofa au itupimie tu viwanja?

mpangaji_sugu

Habari za jioni wakuu. Leo nimelipa kodi ya miezi sita, chumba na sebule Tabata, laki na nusu kwa mwezi, hapo ni laki tisa, halafu dalali nae kachukua mwezi wake mmoja, yaani milioni moja na hamsini imeondoka siku moja na godoro bado liko mlangoni. Nimekaa juu yake hapo hapo nikaanza kuwaza, mbona kila siku tunasikia nchi ina upungufu wa nyumba milioni tatu na unazidi kila mwaka, halafu zikijengwa hizo za bei nafuu nikipiga hesabu naona hazinihusu kabisa? Mshahara wangu mkononi ni 780,000. Wenye kujua mambo ya mipango miji naomba mnisaidie, hivi serikali ifanye nini hasa ili mtu wa kipato changu apate pa kukaa? Na zile za Magomeni Kota nasikia zinauzwa milioni 48, mbona sisi hatuzioni zikitangazwa?

BabaNeema

Mkuu zile usingeweza kuziona zikitangazwa, zina wenyewe. Pale kulikuwa na kaya 644, wakaondolewa enzi za Kikwete, kota zikavunjwa, eneo likakaa tu mpaka Magufuli alipoenda 2016 akasema wajengewe, TBA, wale Wakala wa Majengo wa serikali, wakajenga, mama Samia akazifungua Machi 2022. Bei imekuwa ile kwa sababu ardhi haikuhesabiwa.

Ila ngoja nikupe hesabu ikuume vizuri. Chukua hiyo 48, igawe miaka 30 bila riba, inakuja kama 133,000 kwa mwezi, chini ya kodi yako ya Tabata. Sasa peleka nyumba hiyo hiyo benki, tuseme riba asilimia 17 miaka 20, rejesho linafika laki saba na elfu nne. Unabaki na nauli ya mwendokasi na maji ya kunywa. Tofali zile zile, choo kile kile. Kwa hiyo watu wakibishana ghorofa au nyumba ya chini mimi huwa nanyamaza, nauliza tu ardhi kalipa nani na hela imekopwa kwa riba gani.

Na kingine, sensa ya 2012 Dar tulikuwa milioni 4.36, ya 2022 milioni 5.38. Hiyo ni laki moja kila mwaka. Weka watu wanne kwa nyumba, unahitaji nyumba 25,000 kila mwaka kwa wanaoongezeka tu, wewe wa Tabata hujahesabiwa bado. Zile 644 zimekula zaidi ya miaka mitano toka amri itoke.

mzee_wa_shekilango

Hili jambo lilishafanyika nyie hamjazaliwa. Miaka ya sabini, hela ya Benki ya Dunia, Sinza, Kijitonyama na Mikocheni walipima viwanja KWANZA, wakachonga barabara, wakaweka bomba, ndo watu wakapewa wajenge wenyewe polepole kadiri ya mfuko. Na Benki ya Nyumba ilikuwepo, THB, ilianza 1972 ikaja kufa 1995, wengine tulikopa pale. Mradi huo huo ukaenda na Manzese, ila Manzese watu walikuwa wameshajaa, mpimaji aliwakuta na nyumba zao, ikabidi barabara na maji vipitishwe penye upenyo.

Sasa njoo usimame hapa Shekilango uangalie pande zote mbili. Sinza gari linafika mlangoni, mtu kabomoa nyumba ya bati kapandisha ghorofa, kapangisha, hakuomba serikali imjengee. Manzese mwaka juzi nilienda msibani kwa shemeji, jeneza lilipofika kwenye kona ya choo cha jirani ilibidi lisimamishwe nusu wima ndo lipite, wazee tukaangalia pembeni. Na gari la majitaka likija wanaunga mipira minne mitano inapita uani kwa watu, kila mwenye uga anataka chochote, na harufu juu. Tena ni mradi mmoja ule. Kilichotofautisha ni nani alifika kwanza, mpimaji au mjenzi.

MamaWawili_Chanika

Shikamoo mzee. Nakubaliana na wewe ila viwanja navyo vina ngoma yake. Huo mradi wa viwanja elfu 20 wa miaka ya 2000 si ndo Sinza ya pili? Wizara ikakopa Hazina karibu bilioni 9, wakapima Tuangoma, Kibada, Mbweni, Bunju, Buyuni, Mwanagati na kwingine, viwanja vikazidi hata hiyo elfu 20, wakauza, deni likarudi. Kwenye karatasi safi kabisa. Lakini nani alinunua? Mwenye hela alichukua vitatu, kimoja chake kimoja cha mtoto aliye darasa la pili, vikakaa pori miaka na miaka, na wengine walishindwa kujenga kwa sababu maji hayajafika umeme haujafika. Na yule mwenye shamba aliyelipwa fidia yeye kasogea mbele kule ambako hakujapimwa akaanza upya, na sisi tukamfuata huko huko.

Mimi ndo huko. Tumenunua Chanika, karatasi ya serikali ya mtaa na mashahidi wawili. Urasimishaji ulipokuja, yaani kupimiwa sisi tuliojenga kabla ya kupimwa, tukachanga, kampuni ya upimaji (jina naliacha) ikaja ikapiga bikoni nne, yale mawe ya mipaka, moja iko katikati ya banda langu la kuku, hati mpaka leo hatujaiona. Boma lina mwaka wa sita limeishia kwenye renta, juu ya milango na madirisha, kila nikipata hela ya mbao ada ya shule inaitwa.

jirani_Nairobi

Salamu zenu ndugu. Huku kwetu tunakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kila mwezi na mwajiri anaweka 1.5 yake, sheria ilitiwa sahihi Machi 2024 baada ya ile ya kwanza kuangushwa kortini. Unakatwa, nyumba upate usipate. Lakini nisidanganye, Mukuru nyumba zimesimama, nimeziona na macho yangu, chumba kimoja ni kama shilingi 3,900 za Kenya kwa mwezi kwa miaka 30, hiyo mtu wa mabati anaweza kujikaza. Wasiwasi wangu uko kwingine, wale wa Kibera walihamishiwa maghorofa ya Lang'ata 2009, kuna waliopangisha watu wa ofisi wakarudi zao kwa mabati, maana tofauti ya kodi ndiyo ilikuwa inalisha watoto. Siwalaumu.

BabaNeema

Jirani tafadhali usiwape mawazo hawa wa kwetu, tozo za miamala ya simu zenyewe hatujasahau 😂

mpangaji_sugu

Daah asanteni wakuu. Mzee hiyo ya jeneza imenikaa, kumbe mimi nalilia ghorofa wakati nilichokuwa nataka ni kipande kilichopimwa chenye njia na maji, nyumba nitajenga hata chumba kimoja kimoja. Ila Dar vilivyopimwa bei yake nishaiona nikafunga simu. MamaWawili samahani, huko kwako jirani hakuna anayeuza kweli?

MamaWawili_Chanika

Kipo, mita 20 kwa 20, mwenyewe anaumwa anataka hela haraka. Njoo Jumamosi na futi yako mwenyewe ya kupimia mdogo wangu usikubali ya dalali, na kabla hujatoa hata mia nenda ofisi ya mtaa uulize kama hakijauzwa mara mbili. Ukifika upite kwa nyuma, upande wa banda la kuku, nikuoneshe bikoni.