Madoa ya kava la kochi: sabuni ya mche, siki au klorini?

Mkazi wa Chumbageni: Assalam alaykum. Wageni wa Idi wameondoka na kava langu la kochi, la pamba yenye rangi ya maziwa, limebaki na doa la mchuzi mahali pa kukalia na la chai ya rangi kwenye mkono wa kochi. Naomba mnilinganishie sabuni ya mche, siki na dawa ya klorini, maana kila jirani ana lake.

Dobi wa Ngamiani: Waalaykum salaam, dada yangu. Mchuzi huacha mafuta na manjano kwa pamoja, na kila kimoja kina dawa yake. Anza na mafuta: paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, liache robo saa, kisha suuza kwa maji ya uvuguvugu. Doa likigeuka jekundu usishtuke, kwani ndivyo manjano yanavyofanya yakikutana na sabuni ya mche au magadi, na ukisuuza hadi sabuni iishe rangi yake hurudi. Njano itakayobaki ianike juani kava likiwa bado bichi, kwa kuwa manjano hayastahimili mwanga wa jua, nalo jua la Tanga halina bei.

Mama Makorora: Kwa mchuzi nakubaliana na dobi. Kwa chai, hiyo sabuni ya mche naipinga kabisa, kwa sababu hufanya rangi ya chai ing'ang'anie nyuzi. Tumia siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa, ukidonoa kwa kitambaa cheupe bila kusugua, kisha fua kwa sabuni ya unga. Ingekuwa chai ya maziwa ningekwambia uanze na maji baridi, maana maji ya moto huyagandisha maziwa humo humo.

Mkazi wa Chumbageni: Ahsanteni sana. Na klorini je?

Dobi wa Ngamiani: Hiyo mimi huiweka kwa mashuka meupe ya pamba tu. Kwenye rangi ya maziwa inaweza kukuachia baka jeupe linaloonekana kuliko doa lenyewe, na kama kava lina mpira kwenye pindo, mpira huo utalegea. Tafadhali usiichanganye na siki hata kidogo, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu inayodhuru mapafu.

Jirani wa Raskazone: Naongeza moja. Chochote utakachochagua, kijaribu kwanza upande wa ndani wa pindo, usubiri kikauke ndipo uhukumu. Wenye makava ya rangi iliyokolea wasifuate ushauri wa jua, wayaanike kivulini. Na kwa unyevu huu wetu wa pwani, hakikisha sponji nayo imekauka kabla ya kulivisha kava, la sivyo utarudi hapa kutuuliza dawa ya ukungu.