Simu na vishikwambi shuleni: turuhusu au tuendelee kupiga marufuku?

Wadau, salaam.

Katika shule nyingi za sekondari hapa Tanzania mwanafunzi akikutwa na simu anaweza hata kufukuzwa. Sababu za walimu nazielewa: video chafu, kamari, mtoto kukesha anachati. Ni za kweli kabisa. Ila tumepiga marufuku kifaa, na kinachoharibu watoto ni yanayopita ndani yake.

Tukumbuke Tanga. Kwenye Global Learning XPRIZE, shindano la kutengeneza programu za mtoto kujifunzia mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu, watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 walipewa vishikwambi. Wengi hawakuwahi kukanyaga darasani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, wasioweza walikuwa wamepungua kwa nusu! Masomo yalikuwa yamewekwa humohumo, kwa Kiswahili, na chaji ilitoka kwenye sola. Mwaka 2019 timu za Kitkit School na onebillion zikatangazwa washindi, na programu zote tano za fainali zikaachwa wazi, yeyote azitumie bure. Zilijaribiwa na watoto wetu wenyewe. Kwa nini shule zetu za msingi zisizichukue?

Mchangiaji, mwalimu wa shule ya msingi:
Mkuu, na ile nusu nyingine je? Hao bado wanahitaji mwalimu. Darasa langu lina watoto zaidi ya mia. Ukiniletea vishikwambi kumi, tutagombania. Kioo kikipasuka, mzazi wa kulima atalipa nini?

Mleta mada:
Mwalimu, hapo kwenye kioo umenigusa. Mzazi asilipe hata senti; kifaa kiwe mali ya shule na bajeti ya matengenezo itengwe kabla hakijanunuliwa. Kuhusu ile nusu, nakubali: kifaa hakimwondoi mwalimu. Lakini baada ya Sensa ya 2022 serikali iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu, kwa hiyo pa kuanzia papo. Wekeni programu hizo humo, bila intaneti, watoto wa darasa la kwanza na la pili wasome kwa makundi ya watano, zamu kwa zamu, wakati wewe unawashughulikia waliobaki nyuma.

Sekondari ndiko bado kunanitatiza. Walimu na wazazi wenye watoto bweni, simu ya shule ikitolewa saa za prepo tu na kukusanywa kabla ya kulala, mtakubali?