Skrini za kuelekeza watu mkutanoni, nianzie wapi?

mwana_kikwajuni:
Asalaam aleikum wenzangu. Nimepewa kazi ya skrini za kuelekeza wageni kwenye mkutano mkubwa hapa Unguja, watu kama 800, kumbi 7, ghorofa mbili, skrini ninazo 6 za inchi 55. Mkutano uliopita nliweka moja tu mlangoni inabadilisha kurasa kila sekunde 8, makaribisho, wadhamini, ratiba, ndo ramani, na hadi leo inaniuma maana nlimuona bimkubwa mmoja katoka Pemba kasimama anasubiri ukumbi wake utokee, akitoa miwani mkobani akivaa ukurasa ushapita. Kasubiri mizunguko mitatu. Safari hii sitaki apotee mtu, nipeni akili.

fundi_mwembeladu:
Waaleikum salaam yakhe. Kuzungusha kurasa acha kabisa, mishale ikae muda wote, wadhamini watafutie skrini yao. Halafu usianze na kompyuta, anza na miguu. Ingia mlangoni kama mgeni, kila pahala unaposita kulia au kushoto ndo pa kuweka skrini, pale ngazi zinapoanza, pale korido zinapokutana. Katikati ya korido ndefu haina kazi. Ipandishe juu ya vichwa pia, wakishajaa watu wa chai hamna atakaeiona.

bint_chakechake:
Kakangu herufi ndo zinaponza wengi. Hesabu tunayotumia sie ni sentimita 2.5 za herufi kwa kila mita 3, kwa hiyo mtu alie mita 10 anataka kama sentimita 8, na inchi 55 hata ukiisimamisha ina mita 1.2 tu, ukiacha nafasi baina ya mistari unapata sita saba basi. Usijaze kumbi zote 7 kila skrini, weka zile za upande ule tu. Rangi peke yake usiitegemee, wapo watu, hasa wanaume, nyekundu na kijani zinawachanganya, tia na namba kubwa. Na kama una Kiarabu kagua mishale kwa macho yako, programu nyengine ukigeuza maandishi yaanze kulia na mshale unageuka, mtu anapelekwa jikoni.

mwana_kikwajuni:
Ahsante sana dada, hilo la mshale nlikuwa silijui. Ramani je?

fundi_mwembeladu:
Ramani igeuze kila skrini kivyake, kilicho mbele ya msomaji kiwe juu. Kaskazini haimsaidii mtu alie ndani ya jengo. Na ile ya karibu na vioo vya baharini ihamishe, skrini za ndani zina mwangaza wa niti (kipimo cha mwangaza wa skrini) 300 hadi 500, mchana jua likipiga hapo hazisomeki, za kustahamili jua ni 2,500 kwenda juu na bei yake si mchezo. Picha weka kwenye flashi usitegemee intaneti, na mabango ya karatasi yachape mapema, umeme ukikatika mishale isipotee nao.

mwana_kikwajuni:
Nshaelewa. Jumamosi nawachukua watoto wa shangazi hawajawahi kuingia jengo lile, kila mmoja nampa jina la ukumbi tu, mie nafuata nyuma kimya na chaki naandika pale wanaposimama.