Safari ya Kilwa (kikundi cha familia)

Rehema: Jamani, Kilwa mwisho wa mwezi ipo au haipo? Mwenye gari anataka jibu leo.

Juma: Kwani tusiende zetu Bagamoyo? Jioni tuko nyumbani.

Mjomba Salehe: Bagamoyo umekwenda na shule, ukaenda tena na rafiki zako. Husuni Kubwa kule Kilwa Kisiwani hujaiona.

Juma: Shikamoo mjomba. Si ile ngome ya Wareno?

Mjomba Salehe: Marahaba. Hiyo ni Gereza, utaiona ukishuka tu kwenye boti. Wareno waliijenga 1505 walipouteka mji, 1512 wakaondoka. Waomani ndio waliokuja kuijenga upya. Husuni ni jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, karne ya 14, Wareno bado hawajajua hata njia ya huku.

Zuhura: Mjomba kashika kipaza sauti 😂

Mjomba Salehe: Niache niseme. Vyumba zaidi ya 100, juu ya genge, bahari chini yako. Birika la kuogea lina pembe nane! Dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji, ilipitia mikononi mwa Kilwa, ndiyo iliyolipa yote hayo. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika 1331, akamkuta sultani huyohuyo, na mji akausifu.

Shangazi Mwajuma: Salehe, safari ile ulitutembeza juani mpaka kiatu changu kikaachia soli.

Mjomba Salehe: Tutaanza Husuni asubuhi, dada, jua halijakolea.

Shangazi Mwajuma: Nendeni. Mimi mtanikuta Msikiti Mkuu, chini ya makuba pana kivuli.

Rehema: Na watoto wasipande kuta. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, yakimeguka ndiyo basi. Kuanzia 2004 hadi 2014 Kilwa ilikuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, tusiirudishe sisi.

Zuhura: Wanangu nitawafunga kamba 😅 Tunaondoka saa ngapi?

Rehema: Saa kumi na moja alfajiri, tukutane Mbagala Rangi Tatu. Daraja la Mkapa, Nangurukuru tunakata kushoto mpaka Kilwa Masoko. Kibali tunachukua palepale Masoko kabla ya boti.

Juma: Kwa hiyo tunalala?

Rehema: Tunalala. Hela zote kwa Zuhura kufikia Ijumaa.

Juma: Ijumaa ipi?

Shangazi Mwajuma: Juma!